Amaro Freitas Alikosa Nauli ya Shule ya Muziki, Akatoa Albamu: Wasee wa Kibodi Nyeri, Hii ni Yenu

Kama wewe ndiye hupiga kibodi kanisani kwenu, iwe ni Kamakwa, Ruring'u, Gatitu ama huko Karatina, keti kidogo. Kuna chali wa Brazil anaitwa Amaro Freitas na stori yake inafanana na yako hadi inatisha. Kanisa, budake mwenye bendi, harusi za Jumamosi, pesa ya basi kuisha katikati ya mwezi. Tofauti ni moja tu: yeye ako na albamu yenye jina lake juu, wewe uko kwa grupu ya WhatsApp ya kwaya ukiulizwa kama umebeba adapta.

Albamu hiyo ya kwanza inaitwa Sangue Negro, yaani Damu Nyeusi. Ilitoka 2016. Ni jazi ya vyombo, na moyo wake ni watu watatu: piano, besi, dramu. Hakuna wa kukuimbia mapenzi hapo.

Najua unauliza, manze, albamu ya 2016 ni habari gani leo? Ni habari kwa sababu mbili. Ya kwanza, huyo msee hajasimama. Amepanda kutoka vilabu vya mji wake hadi lebo ya London, na 2024 akatoa Y'Y akiwa na wageni kama Shabaka Hutchings wa Uingereza na mpiga kinubi Brandee Younger wa Marekani. Ya pili iko hapa kwetu. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na moja ya zile njia tatu walizopewa kuchagua ni Sanaa na Michezo. So kuna watoto Nyeri, Kirinyaga na Murang'a wameambiwa rasmi na serikali kwamba muziki ni masomo. Sawa. Wakimaliza, wanaenda wapi? Stori ya Freitas inajibu hilo swali vizuri kuliko kijitabu chochote cha wizara, na si jibu tamu kila mahali.

Cheki alikotoka. Alizaliwa 1991 Recife, mji wa pwani kaskazini mashariki ya Brazil, kwa jimbo la Pernambuco. Mtaa wao ni Nova Descoberta, huko pembeni ya mji kwenye vilima, si ile Brazil ya watalii na ufuo. Alianza piano akiwa na miaka 12, kanisani, na mwalimu alikuwa budake mwenyewe aliyeongoza bendi. Mtoto akakua haraka kuliko mwalimu. Akapata nafasi Conservatório Pernambucano de Música, ile shule ya muziki yenye jina kubwa jimbo zima.

Halafu akaacha.

Si kwa sababu alikuwa mvivu, ama alikuwa mbaya. Familia haikuweza kutoa nauli ya basi. Nataka usome hiyo tena polepole, kwa sababu hapa kwetu tukiskia mtu ameacha chuo tunauliza alikuwa anatumia nini. Chukua kijana wa Othaya ama Mweiga anayefaa kuingia tao mara tano kwa wiki. Piga hesabu ya matatu kwenda na kurudi, zidisha kwa miezi tisa. Karo inaweza kupata mfadhili, maana mfadhili anapenda picha na hundi kubwa ya kadibodi. Nauli haina mfadhili.

Basi Freitas akafanya venye wewe hufanya. Akapiga harusi na bendi za watu. Akaajiriwa kituo cha kupokea simu za wateja. Pesa ya hapo ikalipa masomo. Nyumbani hakukuwa na piano, kwa hivyo alikuwa anafanya mazoezi chumbani kwa vibonyezo vya kufikiria, vidole vinatembea hewani. Akiwa na miaka 15 alikuwa ameangukia DVD ya shoo ya Chick Corea, yule mpiga piano wa Marekani, na hiyo ikamgeuza kichwa. Wewe leo Chick Corea uko naye YouTube bure ukiwa na bando. Mimi sikubali tena tukisema Nyeri imelala kwa sababu haioni dunia. Dunia tunaiona hadi macho yanauma.

Kilichomfungulia mlango kilikuwa kitu cha kawaida sana. Alielewana na mkahawa mmoja wenye piano wamruhusu aingie kufanya mazoezi kabla haujafungua. Ni hilo tu. Hakuna ruzuku, hakuna mradi wa mzungu, hakuna mheshimiwa wa kukata utepe. Ni mtu mwenye funguo za mlango aliyekubali piano ipigwe asubuhi badala ya kukaa imefunikwa kitambaa. Kufika miaka 22, Freitas alikuwa kati ya wapiga piano wanaotafutwa zaidi Recife, na alikuwa na kiti chake cha kudumu Mingus, kilabu ya jazi iliyobeba jina la Charles Mingus, yule gwiji wa besi. Kipindi hicho ndicho alikutana na Jean Elton wa besi. Baadaye wakamwongeza Hugo Medeiros kwa dramu. Hao watatu wakakaa pamoja miaka na miaka, albamu baada ya albamu.

Hapo sasa ndipo nataka tuongee ukweli kuhusu kwetu.

Nyeri haina uhaba wa wapiga kibodi. Pita Jumapili asubuhi kutoka King'ong'o hadi Skuta ukihesabu spika. Kila kanisa la mabati liko na kibodi, na nyuma ya kila kibodi kuna kijana wa miaka 16 ama 20 anayeweza kufuata mwimbaji yeyote popote anapoanzia. Na nyinyi mnajua anafuata aje. Kitufe cha transpozi! Unajua funguo moja, labda mbili, zingine zote mashine inakubebea. Mchungaji akianza juu, unabonyeza mara tatu, maisha yanaendelea. Biti nayo iko ndani ya mashine, sebene iko tayari, kazi yako ni kubadilisha kodi na mkono wa kushoto.

Sicheki mtu. Ni ujuzi, na umelisha familia. Lakini piano haina transpozi na haina biti. Ni vibonyezo 88 na wewe. Kibodi nyingi za makanisa yetu ziko na 61, na ni laini, hazina uzito chini ya kidole. Sasa skiza Freitas anavyofanya: mkono wa kushoto unashika kipande kifupi huko chini kabisa ya piano na kukirudia kama ngoma ya kugonga, mkono wa kulia unatembea kwa hesabu ingine kabisa, halafu Medeiros anaweka ya tatu. Ukijaribu kuhesabu na mguu unapotea, ukiacha kuhesabu unaanza kutingika. Anapiga piano kama chombo cha kugonga. Hiyo haiwezi kutoka kwa mtu ambaye mashine imekuwa ikimshikia mdundo tangu utotoni. Kwa hivyo tukiuliza kwa nini mtoto wa Nyeri hajatoa albamu kama hiyo, jibu la kwanza si kipaji. Hajawahi kukaa na piano yenyewe asubuhi mia mbili mfululizo.

Jibu la pili ni doh, na hii inauma zaidi. Hapa kwetu muziki unaolipa usiku ni mugithi, na mugithi ilipata njia yake ya kuishi: mtu mmoja, gita moja, mashine nyuma. Mike Rua alijaza vilabu hivyo. Mwenye klabu Kamakwa akiwa na kiasi fulani cha kulipa usiku huo, ikienda kwa mtu mmoja ni mshahara, ikigawanywa mara tatu ni nauli na chipo. So hesabu yenyewe inafukuza bendi. Siku hizi majina makubwa kama Samidoh yana bendi nyuma, poa sana, lakini huko umati unakuja kwa jina la mwimbaji. Wa kibodi ni "yule msee wa kibodi". Akikosa, analetwa mwingine na hakuna shabiki anauliza.

Jazi ya watatu kama ile ya Freitas haiwezi kushinda kwa hesabu hiyo, na mtu asikudanganye. Hata Recife haikushinda kwa pesa. Sangue Negro haikumfanya tajiri. Kazi yake ilikuwa ingine: ilikuwa kitambulisho. Unajua venye bila ID huwezi fungua laini, huwezi ingia ofisi, wewe ni mtu lakini huna pa kuonyesha? Mpiga kinanda bila albamu ni hivyo hivyo. Baada ya Sangue Negro, Far Out Recordings ya London wakawa na kitu cha kuskiza, na 2018 wakatoa albamu yake ya pili, Rasif. 2021 ikaja Sankofa. Ile ya kwanza iliangusha ukuta, hizi zingine zikapita.

Na kuna upande wa sheria ambao wapiga vyombo wetu hawauongelei. Kenya mwimbaji na mpiga chombo wote ni watumbuizaji mbele ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Kuna shirika la watunzi na wachapishaji, MCSK, la watayarishaji wa rekodi, KAMP, na la watumbuizaji, PRISK. Ndio, najua, MCSK na bodi ya hakimiliki wamevutana miaka kuhusu leseni, na wasanii wengi wakipata pesa yao wanashangaa kama ni mzaha. Lakini angalia hii: ukipigia mtu kibodi kwa ngoma yake, ukalipwa mkononi na ukaenda, jina lako halijaandikwa popote, hakuna vita hata moja utakayoshinda. Ukitoa kazi ya vyombo vyako mwenyewe, wewe ndiye mtunzi, wewe ndiye mtumbuizaji, na kama ulilipia studio, wewe pia ni mtayarishaji. Hata kama ni shilingi kidogo, zote tatu zinakutafuta wewe.

Sasa nije kwa kitu kilichonifanya niandike hii stori badala ya kuskiza tu na kutingisha kichwa.

Freitas hakuchukua jazi ya New York akaivaa kama koti la mtumba. Aliweka ndani ngoma za kwao. Kuna frevo, ile ya kanivali ya Recife, ya tarumbeta za kasi, ambayo UNESCO iliiweka kwa orodha ya urithi wa dunia 2012. Kuna maracatu, maandamano ya ngoma nzito yaliyotokana na Waafrika waliokuwa wakiwatawaza wafalme wao wa Kongo wakiwa bado utumwani. Na kuna baião, iliyofanywa maarufu na Luiz Gonzaga, mwana wa Pernambuco hiyo hiyo. Baião inapigwa na nini? Kodiani, ngoma, na kipande cha chuma kilichokunjwa pembe tatu, kinachogongwa na fimbo ya chuma.

Kodiani na chuma.

Kama guka wako alikuwa mtu wa mwomboko, umeshaskia hiyo sauti. Kodiani ya mkono ikivuta na kusukuma, na karing'aring'a, ile pete ya chuma, ikigongwa haraka haraka juu yake. Hatua mbili, goti linakunjwa, mnazunguka. Wazee wameshikana mikono na shosho zao, kofia kichwani, na wewe uko pembeni na simu ukirekodi video ya kuchekesha. Watu wawili mbali kabisa, mmoja Pernambuco na mwingine chini ya Mlima Kenya, walichukua kinanda cha mzungu na chuma wakatengeneza dansi. Ya kule mtu ameiweka kwa piano, akaibeba hadi majukwaa ya Ulaya. Ya kwetu inaletwa siku ya sikukuu pale Ruring'u, kabla ya hotuba, dakika kumi, halafu wazee wanapewa soda.

Hiyo ndiyo inaniuma. Sisemi tuandike jazi ili tupendwe na wazungu. Nasema mkono wa kodiani ya mwomboko ni somo zima la piano ambalo liko bure kijijini. Kodiani inabeba wimbo mkono mmoja na besi mkono mwingine. Karing'aring'a inaweka mgawanyo wa mdundo ambao mashine yako ya Yamaha haina kwa orodha yake ya biti. Nimeangalia, nimepitia zote, kuna hadi polka. Mtoto wa Gredi ya 10 Tetu anayetafuta mradi wa shule ako na mzee mtaa wa pili anayejua hii kitu na hakuna aliyeenda kumrekodi.

Na usifikirie haiwezekani kwa mtu wa huku. Cheki familia ya Kamaru. Joseph Kamaru, mzaliwa wa Kangema, Murang'a, ndiye yule aliyeimba kuhusu mauaji ya J.M. Kariuki mwaka wa 1975, wakati wengi walifunga mdomo. Alifariki Oktoba 2018. Mjukuu wake ana jina hilo hilo, lakini jukwaani anaitwa KMRU. Alizaliwa 1997, akasoma muziki Chuo Kikuu cha Kenyatta, na 2020 albamu yake Peel ikatolewa na Editions Mego ya Vienna. Si benga hata kidogo. Ni sauti ndefu zinazosonga polepole kama ukungu wa asubuhi, nyingine alizirekodi mwenyewe mitaani. Kuna watu wataiskiza dakika tano na kuuliza ngoma inaanza saa ngapi, nawaelewa. Lakini kijana huyo huyo ndiye amekuwa akirudisha rekodi za guka wake mtandaoni zipatikane, na mkusanyiko wa Heavy Combination ukatoka London. Amefanya mambo mawili kwa wakati mmoja: ametengeneza sauti yake, na hajaacha ya guka ikaoza kwa kabati.

Shida ni kwamba KMRU yuko Berlin. Aaron Rimbui, mmoja wa wapiga piano wa jazi wanaojulikana zaidi Kenya, alihamia New York. Siwalaumu, fundi huenda kwenye kazi. Lakini Freitas alitengeneza albamu yake ya kwanza akiwa Recife, na wenzake wa Recife, na mji wenyewe haukuwa na pesa za kutisha. Kilichokuwepo kilikuwa piano moja iliyofunguliwa asubuhi na kilabu moja iliyompa usiku wa kudumu. Safaricom Jazz, iliyoanza 2014, ilileta majina makubwa nchini na pesa zake zikasaidia watoto wa Ghetto Classics huko Korogocho. Ilikuwa kitu kizuri. Tamasha lakini linakuja na kuondoka na lori lake. Kiti cha kila Alhamisi ndicho kinajenga mkono.

Ndio maana nikitafuta wa kusukuma, siangalii kaunti kwanza. Naangalia hoteli za hapa tao zenye piano sebuleni inayowekewa maua juu. Naangalia shule za zamani zenye piano ukumbini iliyofungwa kufuli tangu mwalimu wa muziki astaafu. Naangalia makanisa makubwa ambayo Jumatatu hadi Ijumaa jengo lote liko kimya. Najua wazee wa kanisa watauliza huyu kijana anapiga muziki gani wa dunia huku ndani. Wajibiwe kwa heshima: hana maneno, baba, anafanya mazoezi ya vidole, na Jumapili nyimbo zenu zitakuwa tamu zaidi. Budake Freitas alikuwa mtu wa kanisa, na jazi haikumtoa mtoto kwa imani ya mtu.

Na wewe wa kibodi, tafuta hao wawili. Wa besi na wa dramu. Si wale bora Nyeri nzima, ni wale watakuja Jumanne ijayo na ile inayofuata. Anza kwa kuzima biti ya mashine mwezi mmoja. Utaskia aibu wiki ya kwanza, hiyo ni kawaida.

Ukitaka kuskiza, anza na Sangue Negro yenyewe, na usiweke kwa spika ya simu maana utakosa mkono wote wa kushoto. Ngoma ya kwanza ni Encruzilhada, yaani njia panda. Kisha ruka hadi Sankofa, utafute ile inaitwa Baquaqua. Imebeba jina la Mahommah Baquaqua, Mwafrika aliyeuzwa utumwani hadi Pernambuco miaka ya 1840, akatorokea New York 1847 na kuandika maisha yake mwenyewe kitabuni, 1854. Ukimaliza hapo, piga simu kwa guka umuulize nani kijijini bado ako na kodiani.